Kayaki Inakugomea? Anza na Kiti: Dalili, Vyanzo na Marekebisho kwa Wapiga Kafi wa Jinja

"Kaka, boti hii haitaki." Hayo ndiyo maneno ninayoyasikia zaidi kwenye ukingo wa Nile, chini ya bwawa la Bujagali. Anayeyasema huwa amelowa chapachapa, macho mekundu, kafi limeokotwa na mwenzake huko chini, na kayaki imelazwa chali kwenye nyasi. Nami swali langu la kwanza ni lile lile kila mara: kiti umekifunga kwenye tundu la ngapi? Zaidi ya nusu ya watu hawajui hata kama kiti kinasogea.

Boti nyingi tunazopanda hapa Jinja hazikutoka dukani. Zililetwa na wageni, zikaachwa, zikauzwa, zikapita mikono minne au mitano. Bandani unakuta moja ya mwisho wa miaka ya 1990, moja ya 2008 na nyingine ya juzi tu, zote zimepangwa ubavu kwa ubavu, na kila moja imefungwa kwa mwili wa mtu aliyekwisha kurudi kwao. Mambo matatu hugeuza tabia ya chombo: mwaka wa toleo lake, saizi yake, na mahali kiti kilipokaa kati ya tezi (nyuma ya boti) na omo (mbele yake). Mkono wako ni jambo la nne, na nakuomba usiulaumu kabla ya kuyapima hayo matatu.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kama watu wanavyozileta. Chini ya kila dalili vyanzo vinaanza na kile kinachotokea sana. Usiruke hatua nyepesi ukakimbilia nzito.

Kabla hujagusa bolti

Jua mwaka wa boti. Upande wa kulia wa tezi, karibu na mwisho wake, kuna namba iliyochorwa kwenye plastiki. Futa tope kwa kidole, uisome kwa tochi ya simu ukiilaza mwanga pembeni. Boti za soko la Marekani zina herufi na tarakimu 12. Za Ulaya huanza na herufi mbili za nchi, kisha zinafuata mpangilio huo huo. Tazama zile nne za mwisho. Ukikuta K718, herufi K ni mwezi wa kumi na moja (A ni Januari, B ni Februari, endelea hivyo), 7 ni mwaka 2017 ilipotengenezwa, na 18 ni toleo la 2018. Jina lililobandikwa ubavuni halitoshi. Mtengenezaji anaweza kubaki na jina akabadilisha umbo: Pyranha 9R na 9R II si boti moja, na maelekezo ya kiti cha moja usiyahamishie kwa nyingine.

Jua uzito wako wa majini. Panda mizani ukiwa umevaa kila kitu: jaketi la kujiokoa, helmeti, sketi (ile ya kuziba tundu la kukalia maji yasiingie), viatu, na mfuko wa kamba kama unaubeba. Mtu wa kilo 70 hufika 77 au 78 bila kujua. Huo ndio uzito wa kulinganisha na kipimo cha mtengenezaji, siyo ule wa kliniki.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Lita moja ya ujazo huelea na kilo moja. Boti ya kuchezea ya saizi ya kati ina ujazo wa karibu lita 220 na uzito wa kilo 15 hivi. Wewe na boti ni kilo 93, kwa hiyo lita 93 ziko chini ya maji na 127 zimebaki juu. Boti ya kushukia maporomoko ya saizi ya kati ina karibu lita 300 na uzito wa kilo 21. Zinazobaki juu ni lita 201. Ndiyo maana mtu yule yule huzamishwa na moja na kubebwa na nyingine kwenye wimbi lile lile.

Mwisho, weka alama. Chora mstari wa kalamu ya wino mzito pale kiti kilipo sasa, upige na picha. Usipofanya hivyo, ukiharibu hutajua pa kurudi.

Dalili: omo inachimba, maji yanakupiga kifuani

Unashuka vizuri, ukifika chini ya wimbi pua inaingia kama jembe, mwendo unakatika, na maji yanakuja kifuani. Kwenye maji yaliyotulia, kwa mfano lile ziwa la nyuma ya bwawa, mwenzako akikutazama kutoka pembeni anaona mshono wa boti, ule mstari unaopita ubavuni, umeinamia mbele.

Chanzo cha kwanza ni kiti kuwa mbele mno. Aliyekutangulia alikuwa na miguu mifupi, hakufikia kibao cha miguu, akasogeza kiti badala ya kusogeza kibao. Legeza bolti za pande zote mbili, rudisha kiti nyuma tundu moja, kaza. Tundu moja ni kama sentimita moja, na sentimita moja utaisikia. Usirukie matundu matatu kwa pupa. Kila unaposogeza kiti, sogeza na vishikio vya mapaja na kibao cha miguu kwa kiasi kile kile, la sivyo utakuwa umetibu pua na kuumiza magoti.

Chanzo cha pili ni uzito. Ukiwa umepita kikomo cha juu cha saizi hiyo, hakuna tundu litakalokusaidia. Tafuta saizi inayofuata. Najua boti kubwa hazipatikani kirahisi hapa, lakini kilo hazibembelezwi.

Cha tatu ni umri wa toleo. Boti za kuchezea za miaka ya karibu na 2000 zina omo bapa kama ulimi, zimechongwa hivyo kwa makusudi ili zizame mchezaji anapotaka. Hiyo si hitilafu, ndiyo kazi yake. Kuishusha kwenye maji makubwa halafu ukashangaa inazama ni kumwonea fundi aliyeichonga.

Cha nne, kuna maji ndani. Angalia dalili ya mwisho.

Dalili: tezi inanaswa, boti inasimama wima na kukupindua kwa nyuma

Hii nitaikalia kidogo, kwa sababu ilinila wiki mbili za maisha yangu.

Nilinunua boti ya nusu kisu kutoka kwa mgeni aliyekuwa anaondoka. Nusu kisu ni zile zenye omo nene ya kubeba na tezi nyembamba inayokata maji. Zimerudi sana sokoni miaka hii ya karibuni baada ya kupotea. Saizi ilikuwa yangu, uzito wangu ulikuwa katikati kabisa ya kipimo. Lakini kila nilipovuka kutoka maji ya kurudi nyuma ya jiwe kuingia kwenye mkondo, tezi ilizama, omo ikaenda mbinguni, nami chini. Nilijiambia nimezeeka. Siku ya kumi na nne mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akipakia mikungu ya matoke kwenye mtumbwi wake, akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Kijana, mzigo umeuweka nyuma." Akaendelea na kazi yake. Alikuwa anapanga mikungu mizito katikati, miepesi pembeni, na kila baada ya mikungu miwili anarudi nyuma hatua tatu kuutazama mtumbwi ulivyokaa.

Nikaenda nyumbani nikakivua kiti. Reli ilikuwa imejaa mchanga uliokauka, bolti moja imeota kutu hadi ikabidi niiloweke mafuta usiku kucha. Chini ya kiti nikakuta alama ya zamani ya kalamu, ya kiwandani au ya mwenye boti wa kwanza sijui, na kiti kilikuwa sentimita nne nyuma yake. Yule mgeni alikuwa mrefu kama mlingoti, alirudi nyuma ili magoti yapate nafasi. Nilikisogeza mbele sentimita tatu. Asubuhi iliyofuata nilivuka mstari ule ule mara kumi na sikulala hata mara moja.

Kwa hiyo chanzo cha kwanza ni kiti kuwa nyuma mno. Sogeza mbele tundu moja, jaribu kwenye maji yaliyotulia huku mwenzako akiangalia mshono, kisha jaribu kwenye mkondo mdogo. Boti za nusu kisu zinadai umakini zaidi kuliko boti nene, maana tezi yake haina ujazo wa kukusamehe. Kwenye boti nene ya maporomoko, kosa la sentimita mbili unaweza kuliishi mwaka mzima. Kwenye nusu kisu utalijua kabla ya chai ya saa nne.

Chanzo cha pili ni mwili kuegemea nyuma. Woga ukiingia, mgongo unalala. Mkanda wa mgongo uliolegea hulifanya jambo hili kuwa baya zaidi, kwa hiyo ukaze kwanza kabla ya kujilaumu. Ukikaa sawasawa, pua yako iwe mbele ya kitovu.

Chanzo cha tatu ni saizi ndogo. Kwenye nusu kisu, ukiwa karibu na kikomo cha juu cha uzito, tezi iko chini ya maji tayari kabla hujaanza safari. Kama unaitaka kwa kuchezea, sawa. Kama unaitaka ikushushe salama, panda saizi moja.

Acha hapo kama umeshasogeza kiti hadi mwisho wa reli na tezi bado inanaswa. Usichimbe matundu mapya kwenye reli wala kwenye tumbo la boti. Boti hiyo si yako. Ibadilishane na mtu mwepesi zaidi.

Dalili: inapinduka kwenye mpaka wa maji mawili

Watu husema "inapinduka tu", lakini ukiwauliza wapi, wengi wataonyesha mahali pamoja: ule mstari ambapo mkondo unaoshuka unapita kando ya maji yanayorudi. Chini ya maporomoko makubwa ya hapa mistari hiyo ni mipana, ina vizingia vinavyovuta, na haifanani na ya mto mdogo uliyoiona kwenye video za Ulaya.

Tazama tumbo la boti kwanza. Hadi sehemu kubwa ya miaka ya 1990, boti nyingi zilikuwa ndefu na tumbo la mviringo. Dagger RPM ya miaka hiyo bado inaonekana huku na kule. Hizo huyumba taratibu na kukupa muda. Mwisho wa miaka hiyo likaja tumbo bapa lenye kingo kali, zuri kwa kuteleza juu ya wimbi, lakini ukingo ule ukielekezwa mkondo unakotoka maji huupanda na kukugeuza kabla hujavuta pumzi. Mtu aliyejifunzia kwenye tumbo la mviringo akipanda tumbo bapa lazima ainue ule upande unaopokea mkondo mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Hapo marekebisho ni ya mwili, bolti haihusiki.

Kama umebadilisha namna ya kuinua upande na bado unaanguka, kagua nyonga. Kaa ndani, tikisa kiuno kushoto na kulia. Boti inapaswa kutikisika pamoja nawe papo hapo. Ukisikia matako yanateleza kwanza ndipo boti ifuate, mito ya nyonga ni myembamba. Kata vipande vya sponji ngumu, hata ya kandambili za zamani inafaa, ongeza kipande kimoja kimoja pande zote mbili kwa unene sawa. Nilimkuta dada mmoja aliyekuwa ameongeza upande wa kulia peke yake kwa sababu ndiko alikosikia nafasi. Alikuwa anakaa sentimita mbili kushoto ya katikati, na kila siku anaanguka kushoto.

Chanzo kinachosahaulika ni urefu wa kiti. Wengine huweka sponji chini ya makalio wapate kuona mbali. Sentimita mbili hukupa nguvu zaidi ya kuinamisha boti, ndiyo, lakini hukuondolea utulivu. Kama u mgeni wa mto huu, kaa chini.

Dalili: inavuta upande mmoja

Kwenye maji yaliyotulia, piga makafi kumi kwa nguvu sawa kisha acha. Boti zote fupi zitageuka mwishoni. Hilo ni la kawaida. Tatizo ni ile inayogeukia upande mmoja kila mara.

Mpe mwenzako kwanza. Ikimgeukia yeye upande uleule, shida ni ya boti. Ikienda kwingine, ni mkono wako wenye nguvu, au kafi. Kafi ambalo bapa zake zimepishana pembe kubwa usiyoizoea litakuvuta bila kukuambia, na hapa tunaazimana makafi kama viberiti. Digrii 30 hadi 45 ndizo nyingi siku hizi. Makafi ya zamani yalipishana hadi 80 au 90.

Kama ni boti, igeuze chali, chuchumaa kwenye tezi, funga jicho moja na utazame tumbo hadi omo kama fundi seremala anavyotazama ubao. Boti iliyofungwa juu ya gari kwa mkanda mkali siku nzima, au iliyolala upande mmoja juani, huingia bonde. Bonde dogo hutolewa na jua lenyewe: iache chali saa za mchana hadi plastiki iwe ya moto mkononi, sukuma kutoka ndani kwa kiganja au kipande cha mbao kilichofungwa kitambaa, kisha imwagie maji baridi ukiwa umekishikilia. Usitumie moto wa mkaa wala wa gesi. Na ukimaliza iweke kivulini, kwa sababu jua linalonyoosha ndilo hilo hilo linalokausha plastiki ikawa ya kupasuka.

Kisha pima kiti kwa utepe: kutoka kila upande wa kiti hadi ubavu wa boti. Tofauti ya sentimita moja inatosha kukuvuta.

Dalili: nikipinduka nilikuwa najiinua vizuri bila kutoka botini, kwenye boti hii sijiinui

Mara nyingi mwili unamwagika ndani. Ukiwa kichwa chini, magoti yanatoka kwenye vishikio na makalio yanaacha kiti. Hapo kiuno hakina cha kushika. Jaribu nchi kavu: kaa ndani kwenye nyasi, wenzako wawili wakulaze ubavu. Ukianguka kutoka kwenye kiti, umeshapata jibu. Sogeza vishikio vya mapaja vikae juu ya paja karibu na goti, kibao cha miguu kiguse nyayo ukiwa umetulia, mkanda wa mgongo ukae chini kwenye kiuno.

Cha pili ni boti kubwa mno. Boti pana yenye ujazo mwingi hukataa kugeuka mtu mwepesi anapoivuta. Wale walio chini ya kipimo cha chini cha saizi hupata shida hii kuliko wazito, na huwa wanaambiwa tu "ongeza nguvu". Nguvu haisaidii. Tafuta saizi ndogo, au jaza sponji hadi ikushike kama kiatu.

Acha hapo bega likiuma. Ukisikia bega linataka kutoka mahali pake, au limewahi kutoka, toka majini siku hiyo na uende hospitali. Usimruhusu mtu kulirudisha ukingoni kwa kuvuta.

Dalili: miguu inakufa ganzi

Dakika kumi na tano unaanza kusikia sindano, nusu saa huisikii miguu. Watu huvumilia wakidhani ndiyo bei ya mchezo. Sivyo, na ni hatari: mtu asiyesikia miguu yake hawezi kutoka boti ikinaswa kwenye mti.

Legeza kibao cha miguu kwanza. Kikikusukuma, damu haipiti. Ukiwa umevaa viatu, uweze kupumzisha nyayo bila shinikizo na kukaza pale tu unapotaka. Kisha shusha mkanda wa mgongo. Ukipanda juu unakubana mishipa. Kisha mito ya nyonga. Kisha ukingo wa mbele wa kiti: ukiwa mkali, weka sponji laini chini ya mapaja ili uzito usambae. Boti za kuchezea za zamani zina nafasi finyu ya miguu kwa sababu omo zake ni bapa; mwenye kiatu namba 45 asijilazimishe. Wengine huingia peku ili wapate nafasi, halafu wanatembea kwenye miamba ya Itanda bila viatu wakibeba boti, maana poromoko lile wengi wetu tunalizunguka kwa miguu. Mimi siwezi kumshauri mtu hivyo.

Na hapa ndipo onyo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Kila baada ya kubadilisha chochote ndani ya boti, hata kipande kimoja cha sponji, jaribu kutoka ukiwa umepinduka. Maji yaliyotulia, mtu amesimama kando yako, sketi imefungwa, kamba yake ya kuvutia iko nje. Pinduka, vuta, toka. Fanya mara tatu. Ikikwama hata mara moja, ondoa ulichoongeza.

Ganzi ikiendelea saa nzima baada ya kutoka majini, au mguu ukipoteza nguvu, hilo si suala la kiti tena. Nenda kwa daktari.

Dalili: haikai kwenye wimbi, wenzangu wanakaa

Kwanza uliza kiasi cha maji. Nile hapa hupanda na kushuka kwa jinsi maji yanavyoachiwa bwawani, na wimbi la asubuhi si lile la jioni. Kama wenzako wako juu yake saa hiyo hiyo, linganisha matumbo ya boti. Tumbo la mviringo, au lililopinda sana kama ndizi, huteleza polepole na kurudishwa nyuma. Bapa na refu hukaa. Halafu kiti: mbele tundu moja husaidia kushuka usoni mwa wimbi, lakini pua itaanza kuchimba. Utakapofikia pale ambapo inateleza bila kuchimba, chora alama ya rangi nyingine. Mimi nina alama mbili kwenye reli, nyekundu ya kuchezea na nyeusi ya kusafiri, na kuhama kati yake ni dakika kumi kwa spana.

Dalili: boti inajaa maji

Anza na kizibo cha tezi. Mpira wake huchakaa na mchanga mmoja unatosha kuufanya uvuje. Kisha sketi: kila toleo lina tundu la kukalia la ukubwa wake, na sketi iliyobana boti ya rafiki inaweza kupwaya kwenye yako. Ivute mbele kwa mkono. Ikiachia kirahisi, wimbi litaiachisha pia.

Vikiwa sawa, toa boti, ilaze juu ya magogo mawili, mimina ndoo moja ya maji ndani, na upitishe karatasi kavu chini ya tumbo na kuzunguka bolti za kiti. Inapolowa ndipo panapovuja. Bolti: toa, badilisha washa ya mpira, rudisha. Usikaze hadi plastiki ibonyee.

Ukikuta ufa, toboa tundu dogo la milimita tatu au nne kila mwisho wake ili usiendelee kukimbia, kausha, bandika utepe wa lami ule wa kuzibia paa. Hiyo ni dawa ya kukurudisha nyumbani. Kuchomea plastiki mwachie fundi anayeijua kazi hiyo, tena mwambie aijaribu kwanza sehemu iliyofichika: kuna plastiki inayoyeyuka na kuungana, na kuna aina nyingine, iliyotumika kwenye baadhi ya boti, ambayo haiyeyuki kabisa, ukiipiga joto inaungua na ufa unabaki.

Acha hapo, na usiirudishe mtoni, kama ufa uko chini ya kiti au unagusa reli, kama kishikio cha kamba cha omo au tezi kimeng'oka, au kama ile nguzo ya katikati inayosimama kati ya miguu yako haipo. Nimekuta boti ambazo mtu ameitoa ili apate nafasi ya kuweka chupa ya maji na ndala. Nguzo ile ndiyo inayozuia sitaha isibonyee juu ya mapaja yako boti ikibanwa na mkondo kwenye jiwe. Ukiona haipo, muulize aliyekuuzia iko wapi kabla ya kumlipa salio.